Bibi wa Butiama Aliyegeuzwa Mweupe: Historia ya Maski, Kutoka Chumba cha Giza Mpaka Nodi za Blender

Leo naweka pembeni kidogo stori za nani kaachana na nani. Nina stori inayonihusu mwenyewe, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma.

Kuna mshikaji wangu mmoja wa Butiama, jina lake nalihifadhi. Alifiwa na bibi yake. Kama kawaida ya misiba ya siku hizi, familia ikataka fulana zenye picha ya marehemu na kabrasha la ratiba ya mazishi. Wakanitafuta mimi kwa sababu watu wanajua naediti video na mabango. Nikatumiwa picha pekee nzuri ya bibi waliyokuwa nayo, ilipigwa kwa simu, ndani ya nyumba. Nyuma yake kuna dirisha linawaka jua, kwa hiyo dirisha jeupe pee na uso wa bibi umezama gizani. Kitenge cha bluu ndiyo kinaonekana vizuri kuliko macho yake.

Mimi nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya. Nikaitupia picha kwenye apu ya simu, nikabonyeza filta ya kung'arisha, nikaongeza na ile ya kulainisha ngozi. Dakika 2 kazi imeisha, nikatuma.

Baada ya kama nusu saa simu ikaita. Alikuwa shangazi yake mshikaji, yaani binti wa marehemu. Hakufoka. Aliniuliza taratibu tu: "Mwanangu, huyu uliyetuletea ni nani? Mama yetu alikuwa mweusi."

Aloo, nilikosa pa kuweka uso. Nikaifungua tena ile picha na kuiangalia vizuri. Kweli, bibi alikuwa amegeuka rangi ya chai ya maziwa, mikunjo yote ya uso imefutika, anafanana na tangazo la losheni. Fulana zilikuwa bado hazijachapwa, Mungu ni mwema, lakini fundi wa Musoma alitaka faili asubuhi. Nilikuwa na usiku mmoja.

Usiku huo ndiyo ulinifundisha maski. Baadaye nikaanza kufuatilia hiki kitu kimetoka wapi, na nikakuta historia ndefu kuliko nilivyodhani, ya zaidi ya miaka 160. Kaa mkao wa kula.

Kwanza, maski ni nini?

Siyo barakoa ya korona. Umeshapita gereji ukaona gari linapigwa rangi? Fundi hapulizi hovyo. Kwanza anachukua magazeti na gundi ya karatasi, anaziba vioo, taa na matairi. Halafu ndiyo anapuliza. Rangi inatua kila mahali, lakini palipozibwa haiingii.

Kwenye picha, filta ndiyo ile rangi inayopulizwa. Maski ndiyo gazeti. Maski yenyewe ni picha tu, ya nyeusi na nyeupe. Palipo peupe filta inapita yote. Palipo peusi filta haigusi kitu. Palipo kijivu inapita nusu, robo au kiasi unachotaka. Hapo ndipo inalizidi gazeti la fundi, kwa sababu gazeti halijui nusu.

Ile apu yangu ya simu ilipuliza rangi bila gazeti. Ilimpaka bibi na dirisha lake kwa pamoja.

Ufaransa 1856, tatizo lile lile la machweo ya Musoma

Aliyewahi kupiga picha ya machweo pale ufukweni Musoma anajua taabu yake. Ukiweka mwanga sawa kwa ajili ya mawingu, mtumbwi unakuwa kivuli. Ukiweka sawa kwa ajili ya mtumbwi, anga linakuwa jeupe kama karatasi.

Wapiga picha wa miaka ya 1850 walikuwa na shida hiyo mara kumi. Dawa za picha za wakati ule zilikuwa zinashtuka sana kwa mwanga wa bluu, kwa hiyo anga karibu kila siku lilitoka tupu. Mfaransa Gustave Le Gray akapata njia. Kati ya 1856 na 1857 alipiga picha maarufu za bahari, na baadhi yake alizitengeneza kwa negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya anga. Wakati wa kusafisha alichapa upande mmoja huku ule mwingine ameukinga, halafu akageuza. Mahali pa kuunganishia palikuwa ule mstari ambao maji yanakutana na mbingu. Hiyo ni maski kabisa, ya mkono.

Mwaka huo huo wa 1857 kule Uingereza, Oscar Rejlander akaenda mbali zaidi. Alitengeneza picha moja kubwa kwa negativu zaidi ya 30, watu wamepigwa kwa nyakati tofauti halafu wakakusanywa pamoja kana kwamba walikuwa ukumbi mmoja. Watu walibishana sana kama huo ni usanii au ni uongo. Malkia Victoria yeye aliipenda, akanunua nakala. Ndiyo, Victoria huyu huyu. Mwaka mmoja baadaye, 1858, John Speke alilifikia ziwa letu upande wa kusini, akalibandika jina la malkia wake, wakati wenyeji walishakuwa na majina yao. Waluo wanaliita Nam Lolwe mpaka leo. Mwingereza alifika akapaka jina juu ya jina, bila gazeti.

Mkono ndani ya chumba cha giza

Wale mliozaliwa na simu janja hamkuikuta hii. Zamani picha ilisafishwa ndani ya chumba cha giza. Mashine inarusha mwanga kupitia negativu, mwanga unatua kwenye karatasi yenye dawa. Karatasi ikipata mwanga mwingi inakuwa nyeusi zaidi, ikipata kidogo inabaki nyeupe.

Sasa kama uso wa mteja umetoka giza kuliko nguo, fundi anafanyaje? Anachukua kipande cha kadi cha mviringo, anakibandika kwenye waya mwembamba, anakishika juu ya uso kwa sekunde chache ili mwanga usifike pale. Uso unang'aa, nguo zinabaki kama zilivyo. Kama anga ni jeupe mno, anafanya kinyume: anaziba kila kitu kwa kadi yenye tundu, mwanga unapita kwenye tundu tu mpaka anga likolee.

Siri yao ilikuwa moja: mkono hautulii. Fundi alitikisatikisa kadi muda wote ili mpaka usionekane. Akituliza mkono, kwenye picha kunatokea duara kama sahani kuzunguka kichwa. Leo kwenye kompyuta kuna kitufe cha kulainisha kingo za maski, na kazi yake ni ile ile ya mkono usiotulia.

Na huku kwetu ufundi huu ulikuwepo. Zanzibar kuna Capital Art Studio, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 pale Mji Mkongwe, na mwanae Rohit akaja kuiendeleza. Lamu, Kenya, kulikuwa na Studio ya Bakor, ya Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa picha za kuunganisha. Alichanganya zaidi ya picha moja ndani ya chumba chake cha giza, akatoa vitu ambavyo kamera peke yake haiwezi kuviona. Hakuwa na kompyuta, wala hakuna aliyempa mafunzo ya kifupi ya mtandaoni. Alikuwa na mkasi, kadi, na muda.

Kwa hiyo mtu akikwambia kuediti picha ni mambo ya wazungu yaliyokuja na simu, mwambie akasome kuhusu Lamu.

Maski ya kufuta mtu

Hapa wadau wa stori za mapenzi tulieni. Nyie mnaomkata eks kwenye picha ya birthday, mkaacha mkono wake begani kwenu, hamjaanza nyie.

Urusi ya Stalin ilikuwa na mabingwa. Kuna picha moja maarufu, Stalin anatembea kando ya mfereji, pembeni yake yupo Nikolai Yezhov, bosi wa polisi wa siri. Yezhov akaangukiwa na mambo, akauawa mwaka 1940. Picha ikarudi tena hadharani, Stalin yule yule, mfereji ule ule, lakini pale alipokuwa Yezhov pana maji tu. Mafundi walifuta mtu wakajaza maji, kwa mikono, vizuri kabisa.

Naitaja hii kwa sababu kwenye maski anayeishika ndiye anaamua nani abaki na nani aondoke. Mimi nilimfuta bibi rangi yake bila kukusudia, na matokeo yalikuwa karibu yale yale. Binti yake hakumuona.

Sinema: kitambaa cheusi na pazia la bluu

Kwenye sinema, Mfaransa Georges Méliès mwaka 1898 alitoa filamu fupi ambayo anavua kichwa chake mwenyewe, anakiweka mezani, kinamea kingine, anakivua tena, mpaka vinakuwa vichwa kadhaa vinaimba naye. Ujanja wake ulikuwa kitambaa cheusi. Palipo peusi filamu haipati mwanga, yaani bado ni tupu. Unairudisha filamu nyuma, unapiga kitu kingine pale pale patupu.

Shida ni kwamba mtu akitembea, sehemu tupu lazima itembee naye. Mmarekani Frank Williams akasajili njia ya maski inayotembea mwaka 1918, yaani kila picha ndogo ya filamu ina maski yake. Filamu ya mtu asiyeonekana ya mwaka 1933, The Invisible Man, ilitumia ufundi wa namna hiyo. Jamaa anafungua bandeji kichwani na ndani hakuna kitu. Mwigizaji alivalishwa nguo nyeusi chini ya zile za kawaida.

Halafu likaja pazia la bluu. Mwaka 1940 ilitoka The Thief of Bagdad, ina jini kubwa kama jengo na kijana mdogo mbele yake. Larry Butler alipata Oscar kwa kazi ile. Kwa nini bluu? Kwa sababu ngozi ya binadamu, iwe nyeusi, nyeupe au maji ya kunde, ina bluu kidogo kuliko rangi nyingine. Ukiondoa bluu, mtu anabaki. Baadaye kidogo Petro Vlahos akaboresha hesabu zake mpaka nywele na moshi vikawa vinakatwa vizuri. Leo wengi wanatumia kijani kwa sababu kamera za dijitali zinaikamata kijani vizuri zaidi.

Kama wewe ni mdau wa video za Bongo Fleva, zile za msanii anaimba mbele ya ghorofa za Dubai wakati watu wa mtaani kwake walimuona siku hiyo hiyo anakunywa chai stendi, sasa umejua.

1977: maski inakuwa namba

Ed Catmull na Alvy Ray Smith walikuwa vijana wanafanya kazi kwenye chuo kimoja cha New York. Wakati huo kompyuta ilihifadhi kila nukta ya picha, tunaiita pikseli, kwa namba tatu: nyekundu, kijani na bluu. Mwaka 1977 wao wakaongeza namba ya nne wakaiita alfa. Namba hiyo haisemi rangi. Inasema tu, hii nukta ipo kiasi gani. Sifuri, haipo. Moja, ipo yote. Katikati, ipo kidogo, kama kioo au kama ncha ya unywele.

Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakaandika hesabu za jinsi ya kuweka picha moja juu ya nyingine kwa kutumia alfa. Hesabu zao zinatumika mpaka leo. Ukibandika stika WhatsApp na nyuma yake haina boksi jeupe, hao ndiyo wa kuwashukuru. Catmull na Smith ndio waliokuja kuanzisha Pixar mwaka 1986.

Nodi ni mabomba

Programu nyingi za simu zinapanga kazi kama chapati, moja juu ya nyingine. Programu za nodi zinapanga kama mabomba. Fikiria maji yanatoka ziwani. Yanapita kwenye mtambo wa kusafisha, yanaingia bomba kubwa, yanagawanyika, moja linakwenda sokoni, lingine hospitali. Kila mahali unaweza kuweka koki. Ukitaka kurekebisha kitu kimoja, unakwenda kwenye koki yake, huvunji bomba lote.

Nodi ni kile kiboksi kimoja kwenye mtandao wa mabomba. Picha ni nodi, filta ni nodi, maski ni nodi. Unaziunganisha kwa nyaya kwenye skrini. Na maji ya ziwani hayaguswi, yaani picha ya asili inabaki kama ilivyo siku zote.

Nuke, programu kubwa ya kazi hii kwenye sinema, ilizaliwa ndani ya kampuni ya Digital Domain miaka ya 1990, ile iliyofanya Titanic ya 1997. Ni kali, lakini leseni yake ya biashara inalipiwa maelfu ya dola. Mtu wa Bunda hata usimtajie.

Aliyetuokoa sisi ni Mholanzi, Ton Roosendaal. Kampuni iliyokuwa na programu yake ya Blender ilipofungwa mwaka 2002, alichangisha watu mtandaoni, zikapatikana euro 100,000 ndani ya wiki chache, Blender ikanunuliwa na kuachiwa bure kwa dunia nzima. Mwaka 2006, wakati timu yake inatengeneza filamu fupi ya Elephants Dream, wakaiongezea nodi za kuunganisha picha. Mwaka 2012, kwa ajili ya Tears of Steel, wakaongeza sehemu ya kuchora maski. Ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nayo mimi kwenye laptop yangu ya mtumba.

Kwa nini filta inapenda weupe?

Hapa ndipo paliponiuma. Nilidhani apu yangu ina kasoro tu. Kumbe ni tabia ya ukoo.

Miaka ya 1950 Kodak ilikuwa inatuma kwa maabara za picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi wakaiita kadi ya Shirley. Fundi anarekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, ikishatoka vizuri basi mashine iko sawa. Mtu mweusi akipigwa, anatoka kama meno na macho yanaelea gizani. Kwa miaka mingi walilalamika wazazi wa Marekani ambao watoto wao weusi na weupe walipigwa picha moja ya darasa. Lakini kilichoisukuma Kodak zaidi, kwa maelezo ya watu waliofanya kazi humo, ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na fanicha za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri. Yaani chokoleti ilisikilizwa kabla ya sisi.

Afrika Kusini ikawa kinyume chake, na mbaya zaidi. Huko kamera ilitakiwa imuone mtu mweusi vizuri, ili imnase. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua mitambo ya kampuni yao inatumika kutengeneza picha za vipande, vile vitambulisho vya ubaguzi. Wakaanzisha kampeni ya kuisusia. Hunter alifukuzwa kazi. Mwaka 1977 Polaroid ikajiondoa kabisa Afrika Kusini.

Filamu zikaboreshwa, zikaja simu. Mwaka 2016 iPhone 7 Plus ikaleta ile picha ya kufifisha nyuma. Simu inachora maski yenyewe, inakata mtu, inapiga ukungu nyuma yake. Mwaka 2021 Google wakatoa Pixel 6 wakisema wameifundisha kuona ngozi nyeusi kama ilivyo, maana yake walikubali kwamba kabla ya hapo mambo hayakuwa sawa. Filta za urembo nazo zinachora maski ya uso wako kila sekunde. Hazikuulizi unataka wapi. Zinatafuta uso, zinapaka.

Ndiyo maana kuna msanii mmoja wa Bunda, jina kapuni, kwenye kava la wimbo wake mpya uso ni wa Ulaya na shingo ni ya Bunda. Maski ya apu iliishia kidevuni. Wadau mlimsema kwamba anatumia mkorogo. Mkorogo wala, ni filta isiyojua shingo.

Usiku wa kumrudisha bibi

Basi bwana, turudi Butiama. Nilirudia picha ya asili, nikaitupa ndani ya Blender. Nilichora maski tatu: ya uso na mikono, ya dirisha, na ya kitu chote kilicho nyuma ya bibi.

Kwanza uso. Niliweka nodi ya kuongeza mwanga, halafu nodi ya kuchanganya. Kwenye nodi ya kuchanganya kuna tundu la kuweka kiasi cha kuchanganya. Pale ndipo unachomeka waya wa maski. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme pikseli moja ya shavu ina mwanga 60, na filta inataka kuipeleka 140. Kama maski pale ni moja, inakuwa 140, bibi mweupe. Kama ni sifuri, inabaki 60, bibi gizani. Mimi niliweka robo: robo tatu ya 60 ni 45, robo ya 140 ni 35, jumla 80. Shavu limeonekana, weusi umebaki.

Dirisha nikalifanyia kinyume, nikalishusha mwanga. Palipoungua kabisa hakuna filta inayorudisha kitu, nikabakisha weupe hafifu usioumiza macho.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye ukungu wa nyuma. Nilipiga ukungu, nikaweka maski ili bibi asiguswe, nikaona bluu inang'aa kumzunguka mabegani kama malaika. Nilihangaika saa nzima nikilaumu maski. Kumbe maski inazuia filta isionekane ndani ya bibi, lakini haizuii filta kumtazama bibi. Ukungu kazi yake ni kuchota rangi za majirani na kuzichanganya. Ulichota bluu ya kitenge chake ukaimwaga ukutani. Dawa ni kumtoa bibi kwanza: ukaziba sehemu yake kwa rangi ya ukuta, ndiyo ukapiga ukungu, halafu ukamrudisha juu. Mpangilio wa mabomba ndiyo unaamua. Wadau mnaotumia nodi, shikeni hiyo, itawaokoa usiku.

Kingo nikazilainisha. Mikunjo ya uso sikuigusa hata mmoja.

Saa nane usiku picha ilikuwa nzuri kitaalamu, lakini bado sikuwa na uhakika na kitu kimoja. Weusi upi? Robo ile niliikadiria tu kwa macho, na mimi bibi sikuwahi kumuona. Nikamtumia shangazi ujumbe: "Shikamoo shangazi, samahani kwa usumbufu. Kuna picha nyingine yoyote ya bibi akiwa juani?" Nilijua atajibu asubuhi. Alijibu pale pale. Nani analala akiwa na msiba? Akanitumia picha mbovu, imetikisika, bibi anaanika mihogo uani. Haifai kuchapa, lakini rangi ilikuwepo. Nikaiweka pembeni ya ile yangu, nikashusha mwekundu kidogo, nikapunguza robo ikawa moja ya tano. Shavu likatua kwenye 76.

Nikatuma. Jibu lilikuja maneno mawili: "Ndiye mama."

Saa mbili asubuhi fundi wa fulana alikuwa na faili.

Tangu siku hiyo, kazi yoyote ya harusi, msiba au kava la wimbo, kabla sijagusa filta namuomba mteja picha moja ya juani, na namuuliza mtu wa nyumbani. Maski yote inasema wapi na kiasi gani, lakini mtu mwenyewe alikuwaje wanajua waliokaa naye. Fundi wa zamani wa studio alikuwa na mteja mbele yake amekaa kwenye stuli, akitoka chumba cha giza anamlinganisha na picha. Apu haijawahi kumuona bibi wa Butiama. Mimi pia sikuwahi. Tofauti ni kwamba mimi niliweza kuuliza, ingawa mara ya kwanza sikuuliza.

Sasa zamu yenu wadau. Umeshawahi kuletewa albamu ya harusi ukakuta mama yako kageuzwa mzungu? Ulimwambia nini mpiga picha? Shusha komenti hapo chini. Majina ya watu msiweke, mnajua sheria ya humu. Na yule msanii wa Bunda, kama unasoma, njoo tukurekebishie shingo, bei ya kishkaji.